Kiswahili Hakimo Katika Salamu Zile

Tarehe 5 Septemba, 1977, miezi saba baada ya TANU na Afro-Shirazi kuungana na kuzaa Chama Cha Mapinduzi, Wamarekani walirusha angani chombo kiitwacho Voyager 1. Cha pili, Voyager 2, kilikuwa kimekwisha kutangulia tangu Agosti 20. Vyote viwili vilizipita Mshtarii na Zohali, kisha kila kimoja kikashika njia yake. Agosti 25, 2012, Voyager 1 kilivuka mpaka ambapo upepo utokao juani hukomea. Mwenzake alivuka Novemba 5, 2018. Hakuna kitu kilichoundwa na binadamu kilichofika mbali kuliko Voyager 1. Kimekwisha kupita kilomita bilioni 25, na mawimbi yake ya redio, ingawa huenda kwa mwendo wa nuru, huchukua zaidi ya saa 23 kutufikia.

Kila chombo kimebeba santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye salamu kwa lugha 55 kwa yeyote atakayeiokota. Kiarabu kimo. Kiganda kimo, na Kinyanja kimo. Kimo hata Kisumeri, lugha iliyokufa zamani za kale. Kiswahili hakimo.

Hatuandiki haya ili kuwalaumu Wamarekani. Salamu nyingi zilirekodiwa katika Chuo Kikuu cha Cornell, kwa sauti za watu waliopatikana hapo karibu, na santuri ile hairudishiki tena. Linalotuhusu sisi liko huku chini. Manahodha na wakulima wa visiwa hivi walizijua Kilimia na Zuhura kabla ya kujengwa skuli yoyote ya serikali. Leo mwanafunzi wa sekondari husomeshwa sayansi kwa Kiingereza, na pale Kiswahili kinapotumika majina yenyewe yamevurugwa. Tumeona vitabuni Zohali ikiitwa Sarateni, na Utaridi ikiitwa Zebaki! Sarateni ni buruji ya Kaa, na zebaki ni ile iliyomo katika kipimajoto. Aliyeyatia majina hayo vitabuni hakumwuliza mjuzi wa falaki hata mmoja, nao hawakuwa mbali.

Kwa hiyo tunawataka BAKIZA na BAKITA wakae pamoja, wawaite walimu wa sayansi na wazee wajuao falaki, watoe orodha moja ya majina ya sayari na nyota. Wizara ya Elimu nayo iifikishe katika kila skuli ya Unguja na Pemba, pamoja na kitabu cha Kiswahili kinachoieleza safari ya vyombo hivi viwili, kabla umeme wao haujaisha na sauti zao kukatika.