Kawia Ufike: Dhoruba ya Mtoni na Gharama ya Kungoja



Hapa Kisangani mvua huzidi mara mbili kwa mwaka: kuanzia Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba hadi Novemba. Miezi hiyo ikifika, wenye mashua hukagua turubai na kamba zao, na familia zenye ndugu walio safarini huanza kuhesabu siku. Mvua yenyewe tumeizoea. Kinachotutia hofu ni upepo unaoitangulia, ule unaoshuka ghafla alasiri au usiku na kuvuruga mto uliokuwa umetulia muda mfupi uliopita.

Tunaandika juu ya upepo huo, na juu ya mashua kuukuu za mbao zinazokutana nao. Hoja yetu ni moja. Hakuna awezaye kuizuia dhoruba, lakini nahodha anaweza kusimama kabla haijamfikia. Nahodha huyo atasimama ikiwa sisi tunaosafiri naye tutakubali kubeba sehemu yetu ya gharama ya kungoja.

Kwanza tuwatazame watu wenyewe. Kisangani ndipo unapokomea usafiri wa mto kutoka Kinshasa, umbali wa kilomita zipatazo 1,700. Kusini mwa mji, maporomoko ya Boyoma yanaifunga njia ya maji, na ndiyo sababu ilijengwa reli ya kilomita 125 hadi Ubundu. Kwa anayekwenda Yangambi, au Isangi mahali Lomami inapoingia katika mto mkubwa, au Basoko kwenye mlango wa Aruwimi, mto ndio barabara. Juu yake hupita matishari ya chuma yanayosukumwa na meli, mitumbwi yenye injini, na zile mashua kubwa za mbao ambazo sote tunaziita kwa jina la Kifaransa, baleinière.

Safari ndefu huchukua majuma, kwa hiyo watu hawasafiri tu ndani ya vyombo hivi, bali huishi humo. Akina mama huwasha majiko yao kati ya magunia, watoto hulala juu ya mikeka chini ya turubai, wachuuzi hununua samaki waliokaushwa kutoka kwa wavuvi wanaosogea na mitumbwi yao. Kwa mwenye mashua, chombo hicho ni nyumba yake, duka lake na akiba yake kwa pamoja. Mara nyingi ni chombo cha zamani: mbao zake zimebadilishwa moja baada ya nyingine, na nyufa zake huzibwa upya kila maji yanapoanza kupenya. Akikiuza hapati cha maana, na akikiacha hana kazi nyingine. Tusimdharau mtu huyo. Bila yeye na wenzake, mihogo, mchele na mafuta ya mawese visingefika sokoni kwetu.

Wapo wanaosema kwamba dawa ni kuziondoa mashua zote kuukuu. Sisi hatuamini kwamba umri wa chombo ndio kosa lake. Katika Ziwa Tanganyika, ambalo ndugu zetu wa Kalemie na Uvira wanalifahamu vema, kuna meli iitwayo Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma, na ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe, lakini mafundi walizipaka injini zake grisi kwanza. Ilipoinuliwa mwaka 1924 iliweza kutengenezwa, na kuanzia mwaka 1927 ilibeba abiria kwa miongo mingi. Kinyume chake, kivuko MV Skagit kiliundwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya maji yaliyokingwa na visiwa. Baadaye kiliuzwa na kuletwa kwenye bahari ya wazi kati ya Dar es Salaam na Zanzibar. Tarehe 18 Julai 2012 kilizama karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo mkali na mawimbi, na makumi ya watu wakapoteza maisha. Kilikuwa na umri wa miaka 23 tu. Basi tusiulize tu chombo kina miaka mingapi. Tuulize pia kimetunzwaje, kimepakiwa nini, na kimepelekwa katika maji gani, saa gani.

Dhoruba yetu nayo ina tabia inayojulikana. Jua la mchana huipasha joto nchi yenye unyevu mwingi. Karibu nasi huko Yangambi, kwa mfano, mvua ya mwaka hufikia takriban milimita 1,800. Hewa yenye joto hupanda na kujenga mawingu marefu meusi. Mvua inapoanza kushuka ndani ya wingu, huipoza hewa, na hewa hiyo nzito huanguka hadi chini na kusambaa kwa nguvu mbele ya wingu. Huo ndio upepo tunaoujua: hutangulia matone ya kwanza, na hufika ukiwa wa baridi baada ya joto zito lisilo na hata pepo kidogo. Katika bonde la Kongo mistari ya dhoruba za namna hii huelekea zaidi kutoka mashariki kwenda magharibi, na mingine hudumu usiku kucha. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Anayeangalia anga kwa makini mchana mara nyingi hupata muda wa kutosha kuukaribia ukingo. Anayesafiri usiku amejinyima muda huo.

Upepo huo unapoikuta mashua katikati ya mto mpana, mambo kadhaa hutokea kwa pamoja. Turubai lililokuwa kivuli hugeuka kuwa tanga ambalo hakuna aliyelikusudia, nalo hukivuta chombo upande. Mizigo iliyopangwa juu kupita kiasi huongeza ule mlalo. Abiria, kwa kukimbia mvua, husongamana upande mmoja. Ikiwa ukingo wa mashua uko juu ya maji kwa kiasi cha kiganja tu, wimbi la kwanza huingia ndani, na la pili hukuta chombo tayari kizito. Katika mfululizo huu upepo ni jambo moja tu. Mengine yote yaliamuliwa na watu bandarini, jua likiwa bado linawaka.

Kwa sababu hiyo hatukubaliani na namna tunavyoitumia methali isemayo chombo cha kuzama hakina usukani. Methali hiyo humfariji aliyefiwa, na katika kilio ina nafasi yake. Ikitajwa kabla ya safari, huwa ruhusa ya uzembe. Oktoba 2021, karibu na Bumba katika jimbo jirani la Mongala, mitumbwi tisa iliyofungwa pamoja ilizama usiku. Miili 51 ilipatikana, na makumi ya watu wengine hawakuonekana. Wenye mamlaka walitaja hali mbaya ya hewa. Nasi tunauliza: ni nani aliyeifunga mitumbwi tisa kuwa chombo kimoja, na ni nani aliyeiruhusu iondoke katika giza? Kusema kwamba Mungu ndiye aliyependa iwe hivyo ni kumtwika Mungu mzigo wa maamuzi yetu.

Hapa tunafika kwenye kiini cha jambo. Kwa nini nahodha anayeyajua mawingu vizuri kuliko sisi hasimami? Kwa sababu kusimama kuna bei, na bei hiyo huangukia mabega machache. Mwenye mashua amekwisha kununua mafuta ya injini na anawadai abiria safari iliyokamilika. Mchuuzi ana samaki wanaoharibika na deni linalomsubiri sokoni. Mama anayempeleka mtoto hospitalini hana siku ya ziada. Nahodha akitia nanga saa tisa alasiri, huanza kusikia manung'uniko: ni mwoga, ni mvivu, tungekwisha kufika. Akithubutu kuendelea na akafika salama, husifiwa. Katika mazingira hayo tunamfundisha nahodha kila siku kwamba busara ina hasara na ujasiri una faida. Siku dhoruba inapokuja kweli, yeye hufanya yale tuliyomzoesha.

Jambo hili si geni. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, Paulo anasafirishwa kama mfungwa kwenda Roma. Majira ya kusafiri salama yalikuwa yamekwisha, naye akaonya kwamba safari ingeleta hasara. Akida aliyemlinda aliwasikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu. Wengi wa waliokuwemo nao walipendelea kuendelea, kwa kuwa bandari ile haikufaa kukaa wakati wa baridi. Kisha ukavuma upepo mwanana wa kusini, wakadhani wamepata walichotaka. Dhoruba iliwakuta njiani. Waliifunga merikebu kwa kamba ili isipasuke, wakatupa shehena, na mwishoni wakatupa hata ngano baharini. Merikebu ilivunjika, lakini watu wote 276 walifika nchi kavu.

Tunajifunza mawili hapo. La kwanza, uamuzi wa kuondoka ulikuwa wa wengi: mwenye chombo, nahodha, akida, na abiria waliochoka kukaa. La pili, shehena iliyokataliwa kuachwa bandarini ilitupwa hatimaye baharini. Gharama ya kungoja ilikwepwa, na ikalipwa baadaye kwa bei kubwa zaidi. Neema ya Mungu iliwaokoa watu, na neema hiyo haikuwazuia kufanya kazi kwa mikono yao usiku kucha.

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Maskini hawezi kungoja. Maneno haya ni ya watu wanaokula bila kutegemea safari ya kesho. Pingamizi hili lina ukweli, nasi hatulipuuzi. Wala hatuliondolei dola wajibu wake wa kukagua vyombo, kuweka alama za njia katika mto na kuzisimamia sheria zilizopo. Aprili 2019, baada ya ajali ya Ziwa Kivu upande wa Kalehe, Rais wa Jamhuri aliagiza kila abiria avae jaketi la kuokolea maisha. Agizo ni jema, lakini jaketi halifiki mwilini mwa mtoto kwa nguvu ya agizo pekee. Na kwa kuwa maskini hawezi kungoja akiwa peke yake, ni haki tungoje pamoja naye na kuugawana mzigo.

Tunapendekeza basi mambo manne ambayo kikundi cha vijana kinaweza kuyaanza bila kusubiri fedha za mbali.

Kwanza, kila kikundi kinachosafiri kwa mto, iwe kwa hija, mashindano ya kwaya au mazishi, kipange siku moja ya ziada na chakula cha siku hiyo. Kimweleze nahodha mapema, mbele ya abiria wote, kwamba akisimama kwa ajili ya dhoruba hatadaiwa wala kulaumiwa, na kwamba mchango wa siku hiyo uko tayari. Maneno hayo yakisemwa kwa sauti bandarini yanampa uhuru ambao hana.

Pili, kikundi kisipande chombo kinachoondoka usiku, wala kilichojaa hadi maji yakakaribia ukingo. Majaketi yakiwa machache, watoto wavae kwanza. Mawingu yakikusanyika, vijana wenye nguvu wasaidie kukunja turubai na kushusha mizigo ya juu, na wawaombe watu wakae chini mahali pao.

Tatu, parokia na jumuiya zilizo kando ya mto zijulikane kuwa mahali pa kungojea. Darasa la shule lililo wazi, moto wa kukaushia nguo, sufuria ya uji na mtu wa kulinda mizigo gatini vinatosha kuipunguza bei ya kusimama. Msafiri akijua kwamba mbele yake kuna mlango ulio wazi, hatamshinikiza nahodha apite.

Nne, tuwaheshimu wazee wa mto. Wavuvi wa Kigenya na manahodha wa zamani wana elimu ya anga na maji ambayo vijana wengi hawaipati shuleni. Kuwaalika mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua za Septemba, wakatueleza wanavyozisoma dalili na sehemu gani za ukingo zina kimbilio, ni darasa lisilogharimu chochote.

Huenda mtu akaona mambo haya ni madogo mbele ya mto mkubwa hivi. Lakini katika saa ile mawingu yanapopanda, uamuzi huwa mikononi mwa watu wachache waliomo ndani ya mashua moja, na baadhi yao ni ninyi. Wahenga wetu walisema kwa maneno mawili: kawia ufike. Septemba ijayo, kabla ya kulipa nauli, ongeeni na nahodha, mwambieni kwamba mko tayari kukawia pamoja naye.