Kazi huria Saudia: mlango kwa mwanafunzi mwenyeji, ukuta kwa mgeni

Tangu Saudi Arabia itangaze mpango wake wa mageuzi ya kiuchumi unaojulikana kwa jina la Dira ya 2030, hapo mwezi Aprili 2016, mengi yameandikwa kuhusu matamasha ya muziki, majumba ya sinema na wanasoka wanaonunuliwa kwa mamilioni ya dola. Machache yameandikwa kuhusu kijana anayebeba kamera kwenye matamasha hayo, anayechora nembo za mikahawa mipya ya Riyadh na anayehariri filamu fupi usiku huku asubuhi akisubiriwa darasani. Mara nyingi kijana huyo ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Hana mwajiri wala mshahara, na hulipwa kwa kila kazi anayoikabidhi. Je, mageuzi hayo yamemnufaisha kiasi gani? Na wanafunzi wetu kutoka Afrika Mashariki walioko Riyadh na Jeddah wana fungu gani katika neema hiyo?

Ili kulijibu swali hilo inafaa kwanza kurejea nyuma kidogo. Majumba ya sinema yalifungwa nchini humo mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwa zaidi ya miaka 35 kijana aliyetaka kutengeneza filamu hakuwa na ukumbi wa kuionyesha. Bi Haifaa al-Mansour, aliyetengeneza filamu ya Wadjda iliyotoka mwaka 2012, alilazimika kukaa ndani ya gari katika baadhi ya mitaa ya Riyadh na kuwaelekeza waigizaji kwa redio ya mkononi, kwa sababu mwanamke hakuruhusiwa kuchanganyika hadharani na mafundi wa kiume.

Vijana hawakusubiri serikali. Kuanzia mwaka 2011 makundi ya Riyadh kama Telfaz11 na Myrkott yalianza kurusha vichekesho na katuni kupitia YouTube, yakapata watazamaji kwa mamilioni. Telfaz11 ilikuja kutia saini mkataba wa filamu 8 na kampuni ya Netflix mwaka 2020. Kwa hiyo sinema ya kwanza ilipofunguliwa upya mjini Riyadh tarehe 18 Aprili 2018, tayari kulikuwa na kizazi kizima kilichojifunza kazi chumbani. Katika mwaka huo huo iliundwa Wizara ya Utamaduni, na mwezi Disemba 2021 Jeddah ikafanya tamasha lake la kwanza la kimataifa la filamu, lile la Bahari ya Sham. Chuo Kikuu cha Effat, chuo binafsi kilichoanzishwa kwa ajili ya wanawake mjini Jeddah, nacho kinasomesha utengenezaji wa filamu kama fani kamili.

Soko la kazi hizi lipo, tena ni kubwa. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, asilimia 63 ya raia wa Saudia wana umri wa chini ya miaka 30. Wasichana wana soko lao maalumu. Kwa kuwa kwenye harusi wanawake hukaa ukumbi wao peke yao, mpiga picha wa upande huo lazima awe mwanamke. Kabla ya Juni 2018, mwanamke alipokuwa hajaruhusiwa kuendesha gari, msichana wa Jeddah aliyekuwa akifanya kazi hiyo alilazimika kumlipa dereva, au kumwomba kaka yake amsubiri nje hadi alfajiri. Leo anaweza kwenda mwenyewe. Hayo ni mafanikio ya kweli, na anayeyakana hawatendei haki wasichana hao.

Serikali nayo imeweka utaratibu wa hati ya kazi huria, inayotolewa kwa njia ya mtandao na wizara inayoshughulikia rasilimali watu. Mwenye hati hiyo anaweza kutoza malipo kwa jina lake na kushughulika na makampuni bila kufungua kampuni. Kwa mwanafunzi ni nafuu. Posho ya mwezi ambayo kwa miaka mingi vyuo vikuu vya umma vimekuwa vikiwapa wanafunzi ni riali 850 kwa masomo ya sanaa na riali 1,000 kwa masomo ya sayansi, yaani kati ya dola 226 na 267 hivi. Fedha hiyo inatosha nauli na chakula, hainunui kamera.

Hata hivyo, hati haimlipi mtu. Kazi za aina hii hufuata misimu, na misimu hiyo haifuati ratiba ya chuo. Matamasha ya Msimu wa Riyadh huanza mnamo Oktoba, muhula ukiwa umepamba moto, na tamasha la filamu la Jeddah hufika Disemba, wakati mitihani inabisha hodi. Matangazo ya biashara hufurika kabla ya Ramadhani na kukauka baada yake. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Mwanafunzi wa namna hii hashiki mawili kwa tamaa. Akiikataa kazi ya Oktoba, msimu ujao hatapigiwa simu. Akiikubali, anakosa vipindi, na kwa taratibu za vyuo vya huko anayezidisha kiwango cha kukosa vipindi huzuiwa kufanya mtihani.

Tatizo jingine ni malipo. Shirika kubwa huipa kazi kampuni ya matangazo, kampuni hiyo ikaigawa kwa kampuni ndogo, nayo ikamtafuta mwanafunzi. Fedha zinapopita mikono mitatu, wa mwisho kulipwa ni yule aliyefanya kazi. Wapo pia wanaomwambia kijana afanye bure kwa sababu jina lake litajulikana. Mwandishi wa makala haya aliishi kwa kulipwa kwa kila makala alipokuwa chuoni, kisha akaishi hivyo tena uhamishoni, na anaujua msamiati huo: "Mhasibu yuko safarini," "njoo wiki ijayo." Kinachosaidia ni mambo mawili ya kawaida kabisa: mkataba wa maandishi, hata ukurasa mmoja, na arubuni inayolipwa kabla kazi haijaanza.

Tukigeukia wanafunzi wetu, mambo hubadilika. Hati ya kazi huria ni kwa raia wa Saudia. Mtanzania, Mkenya au Mganda aliyepata ufadhili wa masomo Riyadh, na vilevile kijana aliyezaliwa Jeddah na wazazi wahamiaji na anayeishi kwa iqama ya baba yake, hawana haki nayo. Kifungu cha 33 cha sheria ya kazi kinamkataza mgeni kufanya kazi bila kibali, na cha 39 kinamkataza mfanyakazi mgeni kujifanyia kazi zake mwenyewe nje ya kafili wake. Adhabu ni pamoja na faini na kurudishwa kwao. Msako ulioanza Novemba 2013 uliwaondoa Waethiopia zaidi ya laki moja. Mwaka 2022 mamlaka ya utangazaji iliongeza onyo kwamba mgeni anayetangaza biashara kwenye mitandao ya kijamii bila leseni anaweza kufungwa hadi miaka 5 na kutozwa faini ya hadi riali milioni 5.

Haki inataka tuseme kwamba Saudia haiko peke yake. Uingereza humruhusu mwanafunzi wa shahada kutoka nje kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, lakini humkataza kazi ya kujitegemea. Marekani nayo haimruhusu mwanafunzi mgeni kuuza kazi zake atakavyo. Kule mwanafunzi anayo angalau kazi halali ya saa chache. Mwenzake wa Riyadh asiye na kibali huuza kazi yake kwa jina la rafiki raia. Rafiki akikataa kumpa fungu lake, hana pa kushitaki, kwani atakayekwenda kulalamika atakuwa amejishitaki mwenyewe. Gharama nazo hazipungui. Ada ya serikali kwa kila mtegemezi wa mfanyakazi mgeni ilianza kwa riali 100 kwa mwezi mwaka 2017 na kufikia riali 400 mwaka 2020.

Kuna ukuta mwingine ambao hata raia hauruki. Kazi ya ubunifu haiachani na maneno, na maneno yana mipaka isiyoandikwa. Raif Badawi, mwanablogu aliyekamatwa Jeddah mwaka 2012, alihukumiwa miaka 10 jela na viboko 1,000. Salma al-Shehab, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leeds, alikamatwa Januari 2021 akiwa likizoni kwao, na mwezi Agosti 2022 mahakama ya rufaa ikampa miaka 34 kwa sababu ya ujumbe wa Twitter. Baada ya adhabu hiyo kupunguzwa mara kadhaa, aliachiwa Februari 2025. Mwajiriwa akiandika jambo la hatari huwa na mhariri wa kumzuia na kampuni ya kubeba lawama. Anayejitegemea yuko peke yake.

Tusijifanye kwamba haya ni ya Waarabu tu. Mwaka 2018 Tanzania iliweka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu kulipa takriban shilingi milioni 2.1, zaidi ya dola 900, kwa maombi na leseni. Kwa mwanafunzi wa Dodoma au Mwanza hiyo ilikuwa amri ya kunyamaza iliyovaa nguo ya ada.

Kwa hiyo nini kifanyike? Mazungumzo ya kazi kati ya nchi zetu na Saudia yamelenga zaidi wafanyakazi wa majumbani, na ni haki yao kwa madhila waliyoyapata. Lakini balozi zetu mjini Riyadh zinaweza kuongeza ombi moja dogo: mwanafunzi wa Afrika Mashariki aruhusiwe saa chache za kazi kwa wiki, ikiwemo kazi ya ubunifu, kwa ridhaa ya chuo chake. Saudia yenyewe inasema inataka wabunifu, na hao tayari wako kwenye mabweni yake.

Hadi hapo, mwanafunzi aliyeko huko na aliahidiwa riali 500 kwa video ya dakika moja apige hesabu kamili. Mwenzake raia anahatarisha malipo na labda mtihani mmoja. Yeye anahatarisha iqama, shahada na nauli ambayo wazazi wake waliuza kiwanja kuipata.