Dizeli Haifi? Tusidanganyane

Jamani, kabla ya yote niungame. Mwaka jana dada mmoja wa chama chetu hapa Birmingham aliniuliza kama anunue gari la dizeli la mwaka 2010, lenye maili 118,000, kwa pauni 1,100. Nikamjibu hapo hapo: "Nunua tu dada, dizeli haifi." Miezi mitano baadaye gari lilivutwa kwenda kwa wauza vyuma chakavu. Na zile pauni 1,100 zilikuwa za kubeba boksi, usiku kucha akiwageuza na kuwaogesha wazee wa watu kwenye nyumba ya kulelea. Ndiyo maana naandika.

Neno lile nililitoa wapi? Nyumbani. Mjomba wangu kule Arusha alikuwa na Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, haina tabo wala kompyuta ya kuisumbua nozeli. Ilipeleka watalii Serengeti mpaka rangi ikaisha mwilini, injini ikabaki inanguruma vile vile. Wengi wetu tumekulia katika imani hiyo: petroli ni ya kwenda sokoni, dizeli ni ya kazi. Sikumwambia dada yule, kwa sababu hata mwenyewe sikuwa nimewaza, kwamba dizeli ya mjomba na hizi za hapa zinafanana kwa mafuta tu.

Dizeli ndogo za Ulaya zilianza kubadilika mwishoni mwa miaka ya 1990. Nozeli zikaanza kufunguliwa na kompyuta, kwa presha kubwa ajabu. Halafu ikaja sheria ya moshi. Kufikia 2011, magari mapya yote yalipotakiwa kutimiza kiwango cha Euro 5, karibu kila dizeli ilikuwa na chujio la masizi ndani ya eksozi. La dada lilikuwa nalo tayari, na hilo chujio ndilo lililoliua.

Kazi yake ni kukamata masizi. Likianza kujaa, kompyuta inaongeza dizeli kidogo ili moshi upate joto la kama nyuzi 600, masizi yaungue yabaki majivu. Shughuli hiyo inataka dakika kumi, kumi na tano, hata zaidi, gari likienda mfululizo kwa mwendo mzuri. Sasa dada yule anaishi maili mbili na nusu kutoka kazini! Anawasha usiku, anasimama kwenye mataa, anafika, anazima. Asubuhi hivyo hivyo. Injini haijapata hata joto. Kila kompyuta ikianza kuchoma, mwenye gari ameshafika. Na ile dizeli ya ziada ambayo haikuungua inateremka kuchanganyika na oili, oili inakuwa nyepesi, tabo inaanza kuumia.

Taa ya njano ikawaka. Akaona si kitu, mradi gari linatembea. Fundi wa kwanza akamwambia chujio litolewe tu, watu wengi wanafanya. Bahati aliniuliza, nikatafuta: tangu Februari 2014, gari lililotoka kiwandani na chujio likikutwa halina, linafeli MOT. Fundi wa pili akataja bei ya chujio jipya na kazi yake. Ilizidi bei ya gari.

Na hapo sijagusa ada za miji. Tangu Juni 2021 gari la dizeli lisilofikia Euro 6 likiingia katikati ya Birmingham linalipa pauni 8 kwa siku. London ni pauni 12.50, na tangu Agosti 2023 ni London nzima. Petroli inatakiwa Euro 4 tu, ambayo kwa kawaida ni magari ya kuanzia 2006. Yaani kigari cha petroli cha 2007 kinapita bure, dizeli la 2012 linatozwa. Na mimi nilikuwa najiita mtaalamu wa magari.

Sisemi dizeli kuukuu zote ni mikweche. Kuna mshikaji wetu Mkenya anayefanya kazi mji mwingine, kila siku anakula maili 40 za M6 kwenda na kurudi. Dizeli lake la 2011 limepita maili 160,000 na linadunda. Kwa hiyo maili nyingi peke yake zisikutishe. Ningepewa kuchagua, ningechukua lenye maili 130,000 za barabara kuu na risiti za sevisi, nikaacha lenye 60,000 za kupeleka watoto shule.

Utajuaje? Ingia tovuti ya serikali ya historia ya MOT, andika namba ya gari, bure kabisa. Angalia maili za kila mwaka. Gari linalotembea maili 15,000 kwa mwaka lilikuwa njiani. Linalotembea 3,000 lilikuwa mtaani, na chujio lake linajua. Maili zikipungua badala ya kuongezeka, funga ukurasa ukalale. Ukifika kwa muuzaji, kabla ya salamu ndefu, shika boneti. Ikiwa ya moto, amelipasha kabla hujafika, na dizeli iliyochoka hujulikana inapowashwa ikiwa baridi. Mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini? Bila risiti hiyo ni hadithi.

Lakini hayo yote yangekuja baadaye. Dada aliponiuliza, nilipaswa kwanza kumuuliza: unakwenda wapi na hilo gari? Angejibu maili mbili na nusu, na mazungumzo yangeishia hapo.

Hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilimpelekea pauni 200, akazirudisha. Siku hizi anapanda basi la saa mbili na nusu usiku, huku anatafuta petroli ndogo ya 2008 au 2009. Jumamosi twende wote kuangalia moja. Amenipa sharti: "Kaka, safari hii usiseme kitu. Wewe shika boneti tu."