Kalembe: mkono wa mzee nao upimwe

Kalembe, kwenye mpaka wa Masisi na Walikale. Vita vya Oktoba 2024 kati ya M23 na Wazalendo vilikimbiza watu, na mzee ndiye hufika wa mwisho, bila jembe wala sufuria. Huko anakofikia, kamba ya kupima mkono inampita. Utaratibu wa kawaida unatazama watoto wa miezi 6 hadi 59, na mama wenye mimba ao wanaonyonyesha. Mzee anaambiwa eti amekonda sababu ya uzee.

Ni uongo, hata ukisemwa kwa upole. Uzee haumalizi nyama ya miguu kwa miezi miwili. Njaa ndiyo inaimaliza, na kuhara, na kuachia wajukuu bugali. Kamba ni ile ile, na vipimo vya wazee vipo: mkono chini ya milimita 210 ni utapiamlo, chini ya 185 ni ule mkali. Shavu la mguu likiwa chini ya sentimita 31, misuli imepungua. Nani anashindwa kupima hivyo? Risasi zikilia tena, miguu hiyo haitamfikisha popote.

Na akishapimwa, asipewe mahindi makavu. Atatafuna na meno gani?