Ukimbizi Si Laana, na Wokovu Hauuzwi

Ndugu zangu mlio kambini, na sisi tunaopanga vyumba hapa Bujumbura, pamoja na ninyi wa mashirika mnaosoma gazeti letu hili: mimi si pasta. Nilimaliza sekondari tu. Kazi yangu ni kukaa na vijana huku Kinama kila Jumamosi mchana. Lakini nimebatizwa, Biblia ninaisoma, na nimechoka kunyamaza.

Mwaka jana mama mmoja jirani yetu aliuza mashini yake ya kushona. Nikadhani mtoto anaumwa. Nikamuuliza, "Mama, kuna nini?" Akanijibu, "Mutoto wangu, nilishauzisha. Mutumishi alisema kesi yangu imefungwa na roho ya ukimbizi. Lazima nipande mbegu, ndio ifunguke."

Mashini ile ndiyo ilikuwa inalisha watoto wanne. Pesa yote iliingia kwenye bahasha. Kesi haikufunguka. Aliporudi kuuliza, akaambiwa imani yake ni ndogo, tena nyumbani mwake kuna dhambi iliyofichwa. Basi akafika nyumbani, akawaita watoto wake mmoja mmoja, awaulize nani amefanya nini. Yule mdogo ana miaka 6.

Siku hiyo ndiyo niliamua kuandika.

Swali la kwanza: huyo ni Mungu gani? Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Watu waliokuwa wameshafanya intavyu, wameshapimwa afya, wakabaki wamekaa na mizigo yao. Karatasi ile ilitiwa sahihi Washington. Sasa mtumishi atuambie: rais wa Marekani alisimamisha dunia nzima kwa sababu ya dhambi ya mtoto wa miaka 6 wa Kinama? Ukisema mateso ya mtu ni ushahidi wa dhambi yake, unarudia kosa la rafiki zake Ayubu, na mwisho wa kitabu kile Mungu aliwakasirikia wao, si Ayubu. Unarudia pia swali la wanafunzi katika Yohana sura ya 9, walipomwona kipofu wakataka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili. Na yeye mwenyewe, kabla hajajua kutembea vizuri, wazazi wake walimkimbiza Misri kwa sababu ya Herode. Kama kuna roho ya ukimbizi, basi ilikaa ndani ya Mwokozi wetu. Nani atasema hivyo kwenye kipaza sauti?

Ukitoka mjini kwenda Uvira unapita Gatumba. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa pale kambini, wengi wao Wanyamulenge, wanawake na watoto wakiwemo. Walionusurika walisimulia kwamba wauaji walikuja na ngoma, wakiimba nyimbo za dini. Fikiria hilo vizuri. Waliokuwa na nguvu usiku ule ndio walioimba. Kama ushindi ni baraka na kuumia ni laana, basi Mungu alikuwa upande wa bunduki. Mimi nakataa. Kwa hiyo sauti kubwa na wimbo mtamu havinionyeshi bado nani ameokoka.

Swali la pili: mtu ni nini? Sura ya kwanza kabisa ya Biblia inafundisha kwamba Mungu alimwumba mtu kwa mfano wake. Haikusema mtu mwenye pasipoti, wala mtu wa kabila fulani. Hapa Burundi kuna vijana walioliamini neno hilo mpaka mwisho. Tarehe 30 Aprili 1997, kwenye seminari ndogo ya Buta huko Bururi, watu wenye silaha waliingia bwenini, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana wakakataa kutengana. 40 waliuawa. Walikuwa wa rika la hawa wangu wa Jumamosi. Mwaka 2019 Kanisa Katoliki lilifungua rasmi mchakato wa kuwatangaza wenyeheri.

Basi linganisha. Vijana wa Buta walimtazama mwenzao wakaona sura ya Mungu, hawakumwacha hata kwa kifo. Mtumishi wetu alimtazama mama mjane mwenye watoto wanne, akaona bahasha.

Swali la tatu: wokovu ni nini? Wale 40 hawakuepushwa na risasi. Je, waliokolewa? Kama wokovu ni kesi kufunguka, ni ndege, ni nyumba ya Canada, basi hapana. Lakini imani ya Kikristo tangu mwanzo inamhubiri Kristo ambaye hakushushwa msalabani. Alikufa kweli, akazikwa, akafufuka siku ya tatu. Wokovu ni Mungu kutusamehe na kuturudisha kwake, na kutupa uzima ambao mauti haiumalizi. Paulo aliwaandikia Waefeso kwamba ni neema, ni zawadi, mtu asijisifu. Na Simoni wa Samaria alipoleta pesa ili apate nguvu za Roho, Petro alimkemea vikali. Hakumwomba aongeze kidogo.

Najua mtaniambia: "Mwache mama, yule alimpa tumaini." Tumaini gani linakufanya umshitaki mtoto wako? Wengine watasema nalichukia kanisa. La! Usiku wangu wa kwanza nchi hii nililala kwenye benchi la kanisa, na mama wa kwaya akanifunika kitenge chake. Hakuniuliza kabila, hakuniuliza sadaka. Kanisa la kitenge ndilo ninalolitetea. Toeni sadaka, ndiyo, ya maskini na ya kazi ya Mungu, kwa moyo mkunjufu. Bei ya muujiza hapana.

Na ninyi wa mashirika, msicheke pembeni mkisema hawa watu wa dini ni wajinga. Mtu anayeambiwa miaka mitano "subiri, utapigiwa", ataenda kwa yule anayemjibu leo. Ukimya wenu ndio soko la nabii wa uongo. Kama kesi imesimama, mwambieni mtu imesimama na kwa nini, kwa lugha anayoielewa. Ukweli mchungu haujamuuzisha mtu mashini.

Vijana wangu walichanga, hatukufika hata nusu ya bei. Mama anashona sasa kwa mashini ya kuazima, siku mbili kwa wiki. Juzi nilimkuta yule mdogo akiniuliza, "Kaka, ni mimi nilifunga kesi?" Nikamwambia hapana. Nikamwambia mara tatu, maana ya kwanza na ya pili hakuamini.

Mtumishi yeyote anayeona nimekosea, tupo Kinama Jumamosi saa nane. Aje na Biblia yake tuifungue pamoja. Bahasha aiache nyumbani.