Neno Lipimwe Kabla ya Pingu

Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Jirani zetu wa Kenya waliujua ukweli huo kwa gharama kubwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliopoteza maisha, na kati yao 405 walikufa kwa risasi. Maneno ya majukwaani yalitangulia; askari aliletwa mwisho, naye akaondoka na lawama.

Kwa ajili hiyo Kenya ilitunga mwaka 2008 sheria ya utangamano wa kitaifa, ambayo kifungu chake cha 13 humwadhibu achocheaye chuki za kikabila. Katiba ya 2010 nayo ikakataa kuihifadhi kauli ya chuki chini ya uhuru wa kusema. Hayo tunayaunga mkono.

Lakini Aprili 2022 tume inayosimamia sheria hiyo ilitoa orodha ya maneno ya hatari. Humo lilikuwamo "madoadoa", neno lisilo na kosa likitajwa kwa chui au kanga, bali ambalo katika Bonde la Ufa, tangu mapigano ya 1992, limetumika kuwataja majirani watakiwao kung'olewa. Humo humo likawekwa "hatupangwingwi", kaulimbiu ya mitaani isemayo kwamba hatupangiwi na mtu. La kwanza humwonyesha jirani wa kufukuzwa. La pili humkaidi mkubwa. Kuyafunga katika tita moja ni kulipunguzia uzito lile la hatari.

Wanasiasa nao hupenda kumbandika kila apingaye jina la mchochezi. Hasara ni yao wenyewe. Mpiga kura mwenye shaka huuliza bei ya unga, karo na kazi. Akijibiwa kwa tuhuma, hashawishiki. Hunyamaza, akaenda na shaka yake hadi kwenye sanduku la kura, au akabaki nyumbani. Jibu la swali ni hoja.

Ndugu askari na polisi, ninyi ndio mnaosimama kati ya jukwaa na umati. Kabla ya kumkamata msemaji, jiulizeni: je, amelilenga kundi la watu kwa asili yao? Je, ametaka watendewe ubaya? Yakiwapo hayo, chukueni hatua mapema, bila kujali cheo chake. Yasipokuwapo, mwacheni aseme, hata akiwakosoa wakubwa kwa ukali. Pingu zitumikazo ovyo hazimtishi mchochezi wa kweli, nazo humfanya mwananchi asiwaamini siku atakapowahitaji.