Mtoto wa Nkuhungu naye amwone tembo

Kwa Kamishna wa Uhifadhi,
Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA).

Ndugu Kamishna,

Ninakuandikia hadharani kutoka Nkuhungu, jijini Dodoma, kwa kuwa ninaloomba ni la wengi: familia za huku ziwezeshwe kwenda kutazama wanyama katika Pori la Akiba Swagaswaga na kurudi siku hiyohiyo.

Tangu barabara ya lami ya Dodoma–Babati, kilomita 251, izinduliwe mwaka 2018, Kondoa, tunakopitia kwenda porini, si mbali tena. Mtu anapanda basi alfajiri na asubuhi hiyohiyo yuko huko. Kinachotushinda ni kuingia porini. Njia za huko zinataka gari la juu, na kulikodi kutoka mjini ni ghali kuliko kiingilio chenyewe. Mama lishe, mwalimu au dereva wa bodaboda ataweza kulipia kiti. Gari zima hawezi.

Kwa hiyo naomba siku za Jumamosi na likizo za shule, gari la wazi la mamlaka lisubiri watu stendi ya Kondoa, kiti kiuzwe kimoja kimoja, na ratiba ibandikwe kwenye ofisi za kata hadi huku kwetu. Waongozaji wawe vijana wa vijiji vinavyopakana na pori.

Wengi wetu tuna ndugu wanaolima uwele na mtama Chemba na Kondoa. Kwao tembo ni habari ya usiku: shamba limekanyagwa, chakula cha mwaka kimekwenda. Mtoto anayemjua tembo kwa hasara tu, kesho atamtetea kwa lipi? Amwone mchana, akiwa na ndama wake, aelezwe kwa nini ushoroba, yaani njia ya wanyama, wa kutoka Pori la Akiba Muhesi haupaswi kulimwa. Hilo haliondoi deni la kumlipa mkulima kifuta jasho kwa wakati. Yote mawili yanadaiwa.

Kule Kolo, wilayani Kondoa, watu wa kale walichora twiga na tembo miambani, na mwaka 2006 UNESCO ikaiingiza michoro hiyo katika Urithi wa Dunia. Wanafunzi wanaoitazama wana haki ya kuwaona na wanyama wenyewe, wangali hai.

Tujaribuni kiangazi kimoja, majani yakiwa mafupi na wanyama wakifuata maji. Tangazeni tarehe, nasi tutajaza viti.

Wako katika uhifadhi,
Mkazi wa Nkuhungu, Dodoma